MWALI NI MWANAFUNZI, SIYO MKE (Sehemu ya 5: Binti anapovunja ungo)

Mama zangu na dada zangu, leo tuongelee neno moja tu: mwali.

Kwetu Pwani binti akivunja ungo anaitwa mwali. Zamani Wazaramo walimweka ndani muda mrefu, kungwi akimfundisha, ndipo achezwe ngoma atolewe nje. Mvulana aliye jandoni naye huitwa mwali au mwari. Kwa hiyo mwali ni mgeni aliyepokelewa juzi kwenye kundi la wakubwa, bado yuko darasani.

Tatizo ni kwamba bi harusi naye tunamwita mwali. Basi mtoto wa miaka 12 akiona damu, utasikia, "Ameshakuwa mwali huyo, mtafutieni mume." Mbona mvulana akitoka jando hatumtafutii mke wiki hiyohiyo?

Nawaambia kama nesi: hedhi ya kwanza haimaanishi mwili umekomaa. Mifupa ya nyonga inaendelea kukua miaka kadhaa baada ya hapo. Njia ikiwa nyembamba mtoto anakwama, uchungu unachukua siku nzima au zaidi, na mama anaweza kupata fistula, akavuja mkojo bila kujizuia. Kifafa cha mimba nacho kinawaandama zaidi hawa mabinti wadogo.

Hata sheria imelitazama hili. Mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Sisemi tuache mila. Kukaa na mwali kumfundisha ni jambo zuri sana, na wengi wetu tumeliacha, watoto wanafundishwa na simu. Mfundishe kubadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa chache. Mwambie siku zinaweza kurukaruka mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Mwambie wazi kuwa sasa anaweza kushika mimba. Mfundishe kusema hapana, na akuambie akiguswa. Halafu kesho yake avae sare aende shule.

Mwali wako ana miaka mingapi, na nani anamfundisha? Niandikieni hapo chini. Sehemu ya 6: maumivu ya hedhi, yapi ya kawaida na yapi ya kumpeleka hospitali.