Samadi Mbichi Inatuletea Magugu

JEMBE NA KALAMU
Na Mwanaidi Kipande

Udongo wa Temeke una mchanga mwingi, na hapa Chang'ombe anayetaka mchicha ustawi kwenye tuta la uani lazima aurutubishe: samadi, mbolea ya kuku, chenga za mkaa, hata chokaa. Ni jambo jema. Kinachonikera ni kwamba anayetuuzia kiroba hatuambii kitafanya nini kwa magugu, wala kwa dawa ya kuyaua.

Tuanze na samadi. Ng'ombe akila majani yaliyokwisha kuzaa, mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa hai. Kuku ana nafuu, maana firigisi yake huzisaga. Mwaga samadi mbichi, mvua ikinyesha utaona mchicha pori na nyasi zimetangulia kuchipua, zinakula mbolea uliyoinunulia mboga. Dawa yake ni kuivisha: lundo lipande joto la nyuzi 55 hadi 60 kwa siku kadhaa, ligeuzwe ili ya pembeni iingie katikati. Chomeka fimbo ndani ya lundo jipya, iache kidogo, kisha uichomoe. Ikitoka ya baridi, mbegu bado zi hai.

Chenga za mkaa nazo hunasa kemikali. Ndiyo maana hospitali humpa mkaa maalumu mtu aliyemeza sumu. Atrazini, inayopulizwa kwenye udongo wa mahindi kabla magugu hayajaota, hunaswa vivyo hivyo, na samadi nyingi huinasa pia. Magugu yakiota, mkulima analaumu dawa kuwa feki na kuongeza kipimo. Chokaa hufanya kinyume: hupunguza asidi ya udongo, atrazini ikadumu ardhini na kuunguza mboga za msimu unaofuata.

Kwenye tuta la mchicha, dawa inayoua mchicha pori itaua na mchicha wenyewe, kwani ni ukoo mmoja.

Kwa hiyo uani tuache chupa, tung'oe kwa mkono na jembe. Manispaa ya Temeke nayo iwapeleke maofisa ugani kwa wauza samadi, si kwa wakulima peke yao, wawafundishe kuiivisha kabla ya kuiuza. Na mwenye shamba la mahindi anayelazimika kupuliza, akifika duka la pembejeo aeleze kwanza ameweka nini kwenye udongo wake, ndipo aulize dawa.