DENI SI SADAKA

Wako watu wanaodhani kwamba falsafa ni shughuli ya wasio na shughuli. Hayati Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliikanusha dhana hiyo kwa kazi yake. Alizaliwa Nyanza, Kenya, mwaka 1944, akasoma Uppsala, Sweden, na Detroit, Marekani, kisha akarejea kufundisha Nairobi mwaka 1970. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha kwamba hata mzee wa kijijini asiye na shahada aweza kuwa mwanafalsafa. Mwaka 1991 alikuwa mhimili wa mkutano wa wanafalsafa wa dunia uliokutana Nairobi kuzungumzia binadamu na mazingira. Alifariki Desemba 1995.

Mwaka 1974 mwanazuoni wa Marekani, Garrett Hardin, alizifananisha nchi tajiri na mashua iliyojaa: maskini wanaoogelea kando yake wasipakiwe, isije ikazama. Odera Oruka aliipinga hoja hiyo. Mwaka 1993 aliandika kwamba dunia ni mithili ya familia yenye watoto sita, wawili matajiri na wanne maskini. Hakuna aliyetajirika kwa juhudi zake peke yake. Kila mmoja anadaiwa na wazazi waliomlea, na fedheha ya mmoja ni fedheha ya wote.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kufafanuliwa habari za mashua. Huko Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga. Huku kwetu Mto Songwe hufurika na kuhama mkondo, ukimega mashamba mpakani mwa Tanzania na Malawi. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa duniani, lakini mkulima wa Ileje na mkulima wa Pemba ndio wanaolipishwa. Wakati huo huo malori ya shaba ya Zambia na Kongo hupita Tunduma kwenda bandarini Dar es Salaam. Utajiri wa wale ndugu wawili umepitia mlangoni petu.

Novemba 2022, huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu utokanao na mabadiliko ya tabianchi. Wako wanaouita mfuko huo msaada. Sisi tunasema ni deni. Anayepewa sadaka hushukuru akanyamaza, anayedai huhesabu.

Lakini hoja hii ina makali pande zote mbili. Ikiwa fedha hizo ni deni, basi mwenyewe ni yule aliyepoteza shamba, na kiongozi anayezipokea ameshika amana ya mtu. Hana haki ya kuzimaliza kwa semina na posho. Kwa hiyo tunawataka viongozi wa Serikali zetu zote mbili wahakikishe kwamba kila fungu litakalopokelewa linabandikwa hadharani, katika ofisi za vijiji vya Bara na za shehia za Visiwani, likionyesha kiasi, kazi na wahusika. Aidha, kabla tuta halijajengwa, waulizwe wazee wanaokumbuka mto ulipita wapi na bahari iliishia wapi. Hao ndio wanafalsafa aliowatafuta Odera Oruka.

Dawa ya deni ni kulipa. Tukiwadai wakubwa wa dunia, sharti nasi tulipane wenyewe kwa wenyewe.