Jamani shepadi si pambo la geti!

Leo siongelei mapenzi wala mitindo ya nywele. Leo namwongelea mbwa. Usigune kwanza! Ni yule wa masikio wima na mgongo mweusi, mbwa wa Kijerumani, ambaye huku kwetu wengi wanamwita "jamani shepadi". Nami nalitamka hilo "jamani" kwa uchungu, maana nimeyaona kwa mjomba wangu hapa Maramba.

Mjomba alipouza machungwa yake akateremka Tanga mjini, akarudi na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu. Mtaa mzima tukaja kushangaa. Mjomba kidevu juu: "Sasa vibaka watanikoma." Akamfunga mnyororo kwenye mwembe, akaandika getini MBWA MKALI, akajua kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Miezi minane baadaye, mbwa alikuwa amechimba handaki chini ya mwembe, ametafuna kandambili za nyumba nzima na ndoo moja ya plastiki. Usiku kucha anabweka. Siku moja mnyororo ukakatika. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi. Mbwa akawazunguka, kulia, kushoto, akawasogeza mpaka pembeni ya ua kama mbuzi. Mtoto mmoja wa jirani akachomoka mbio. Mbwa akamfuata, akamng'ata kisigino.

Damu haikuwa nyingi, ila kasheshe yake usiombe. Mama wa mtoto alikuja na swali moja tu: "Mbwa wako kachanjwa?" Mjomba akabaki anakuna kichwa. Cheti hana.

Msomaji, swali hilo si la mchezo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Nafasi ya kuokoka ipo kabla ya hapo. Bahati nzuri mama yule ni mjanja. Alikiosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hakupaka majani wala mafuta ya taa, akamkimbiza mtoto hospitali kuanza sindano. Mbwa akafungiwa siku 10 aangaliwe. Siku zote hizo mjomba na jirani yake hawakupeana hata salamu. Vijana wa kijiweni walishatafuta marungu.

Siku 10 zikaisha, mbwa mzima kama chuma. Ndipo akapita mzee mmoja mfugaji, mtu wa nyika ya Mwakijembe, akasikiliza kisa chote, akacheka. "Mwanangu," akamwambia mjomba, "huyu hakuuma kwa ukali. Alikuwa anachunga. Wewe umemnyima mbuzi, yeye kachunga watoto."

Hapo nikaamua kuchimbua habari za mnyama huyu, na nilichokipata ndicho nakupa. Sisi tunamjua kama mbwa wa polisi, lakini jina lake lenyewe linasema: shepadi ni mchunga kondoo. Mwaka 1899 afisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa mmoja mchungaji, akamwita Horand, akamfanya kuwa wa kwanza kuandikwa katika daftari la ukoo huu. Upolisi na ujeshi vilikuja baadaye.

Na kazi yake huko ilikuwa nini? Kuwa ua unaotembea! Kondoo walilishwa kandokando ya mashamba yasiyo na uzio. Mbwa alikimbia kwenye mpaka kutwa nzima, huku na huku, kondoo asitie mdomo kwenye mazao ya mtu. Fikiria sisi tunaosikia kila mara wakulima na wafugaji wanavyotoana ngeu kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mahindi. Mbwa huyu alizaliwa kuzuia ugomvi huo. Halafu tunamfunga kwenye mwembe, tunashangaa anatuletea ugomvi.

Mbwa wetu wa kienyeji naye usimdharau. Yule anayefuatana na Wamasai machungani mara nyingi haswagi ng'ombe, kazi yake ni kubweka akinusa fisi au chui. Yeye ni mlinzi. Shepadi na ndugu zake, kama yule koli wa mpakani mwa Uingereza na Scotland, ni waswagaji. Wana akili hatari. Huko Marekani koli mmoja aitwaye Chaser alijifunza majina ya vitu zaidi ya 1,000, na wataalamu wakayaandika hayo mwaka 2011. Sasa akili kama hiyo uifunge mnyororo, itafanya nini? Itajitafutia kazi.

Haya, kama bado unamtaka, sikiliza.

Kwanza, mchakamchaka. Sisi wa Maramba tumezoea kusikia kuruta wa JKT wakiimba alfajiri. Mbwa huyu naye ni kuruta. Mkimbize asubuhi kabla jua halijakaza, na jioni tena, jumla isipungue saa moja na nusu hadi mbili kwa siku. Mchana muache kivulini na maji tele, maana manyoya yake ni ya tabaka mbili na joto letu la Pwani linaweza kumuua. Usimnyoe. Mchane kwa brashi. Ila akiwa bado mtoto usimchoshe kwa mbio ndefu, kwani ukoo huu una udhaifu wa nyonga.

Pili, mpe kazi na umfundishe. Kaa, njoo, acha, lala. Maneno mafupi, na akifanya vizuri mpe kipande cha chakula. Ukimfundisha kwa fimbo unatengeneza adui anayelala nyumbani kwako.

Tatu, chakula. Dume zima hufikia kilo 30 hadi 40, kwa hiyo makombo hayamtoshi. Ugali wa dona na dagaa wasio na chumvi nyingi, au nyama iliyochemshwa. Matumbo ya machinjioni yachemshe sana, yana minyoo inayoweza kutoka kwake ikakuingia wewe na watoto. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka na kumchoma tumboni. Kitunguu kwake ni sumu.

Nne, bwana mifugo awe rafiki yako. Chanjo ya kichaa akitimiza miezi 3, kisha kila mwaka. Chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa, ianze akiwa na wiki sita hadi nane, na irudiwe. Kupe mtoe, dawa ya minyoo mpe. Na huko kwenye mbung'o kuwa macho: ukiona jicho lake limeingia ukungu na hali chakula, usingoje kesho.

Najua wapo wa Pwani wenzangu watakaosema mbwa ni najisi. Sawa, tenga vyombo vyake, na akikulamba, kosha inavyotakiwa. Lakini dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuchunga, wa kuwinda na wa kulinda shamba. Hata Watu wa Pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni. Unajisi si ruhusa ya kumtesa.

Leo mbwa wa mjomba anatoka alfajiri na binamu yangu na mbuzi 14, anarudi jioni ulimi nje, anakula, analala fofofo. Habweki ovyo. Cheti cha chanjo mjomba kakitia kwenye fremu, kakitundika sebuleni. Salamu na jirani zimerudi, ingawa yule mtoto hadi leo akimwona mbwa anavuka barabara, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujabeba kikapu kwenda mjini, jiulize: una uwanja? Una muda? Una chakula? Kama jibu ni hapana, fuga kuku. Wao hata ukiwasahau kutwa moja, hawatachunga watoto wa jirani.

Tukutane wiki ijayo, Inshallah.