Usiache mchicha wa ndoo ufe na jua

KAMA una mtoto wa chini ya miaka mitano, kama ni mjamzito, au unauguza mtu aliyepungukiwa damu, bila shaka umewahi kuambiwa kliniki: “Kula mboga za majani kwa wingi.” Ushauri huo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba hausemi mboga hizo zitatoka wapi mwezi wa nane na wa tisa, mvua ikiwa imekatika, na fungu la mchicha sokoni limekuwa dogo huku bei ikiwa palepale.

Kwa sisi wa Mwanza swali hilo ni zito. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo, Bugando na Isamilo zimejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Hakuna kiwanja cha kulima nyuma ya nyumba. Ndiyo maana ukipita mitaa hiyo unakuta mchicha kwenye ndoo iliyopasuka, matembele kwenye kiroba, na pilipili kwenye kopo. Wakati wa masika bustani hizo hustawi. Kiangazi kikikolea, nyingi hubaki ndoo za udongo mkavu, na wenyewe husema, “Tusubiri mvua za vuli.”

Mimi sikubaliani na kusubiri huko. Dawa za mtoto zikikaribia kuisha, huwa husubiri msimu. Unarudi kliniki kuchukua nyingine. Mama aliyeambiwa ale mboga aihesabu ndoo yake vivyo hivyo. Ikichoka, ihuishwe mara moja.

Sisemi hivi kwa kupenda maua. Utafiti wa kitaifa wa afya na hali ya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na karibu watoto 3 kati ya 10 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo, seli mundu, na chakula kisicho na virutubisho vya kutosha. Mboga za majani hutoa foliki asidi, vitamini A na kiasi cha madini chuma. Hazitibu malaria wala seli mundu. Mtoto aliyepauka viganja, anayehema haraka au asiyetaka kucheza, mpeleke akapimwe leo. Usimsubirishe mchicha uote.

Sasa tuje kwenye ndoo yenyewe. Mawe yetu hunyonya joto la jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Ndoo iliyokaa juu ya jiwe au iliyoegemea ukuta unaopigwa na jua la alasiri hupika mizizi. Iinue kwa vipande vya mbao, isogeze mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Hakikisha ina matundu chini. Ng’oa mimea iliyozeeka, toa udongo wa juu kama robo hivi, vunjavunja uliobaki, kisha changanya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi iache. Huunguza mimea na hubeba vimelea vya kuharisha. Ukishapanda na miche ikachomoza, funika udongo kwa nyasi kavu au maganda ya mpunga ili unyevu usikimbie.

Chagua mboga zinazovumilia joto: mchicha, matembele, majani ya kunde, bamia, na mgagani ambao bibi zetu wa Kisukuma waliujua kabla ya kliniki yoyote. Spinachi na chainizi husumbuka sana kiangazi. Usipande ndoo zote siku moja. Mchicha huanza kuliwa baada ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo ukipanda ndoo moja kila wiki, utakuwa na cha kuchuma mfululizo. Mwagilia alfajiri au jioni, kwenye udongo, si kwenye majani. Saa hizo ni nzuri kwa mmea na ni salama kwako pia, hasa kama una umri mkubwa au unatumia dawa za presha zinazokojoza, kwa kuwa kubeba maji jua la saa saba kunaweza kukuangusha.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea: maji. Kwa wanaokaa kando ya ziwa, kama Igombe na Luchelele, ni rahisi kumpa mtoto dumu akachote. Mtoto akiingia majini, vijidudu vya kichocho hupenya kwenye ngozi bila yeye kuhisi. Umepata ndoo ya mchicha, umempa mtoto ugonjwa unaoweza kuharibu ini. Usimtume. Kama ni lazima kutumia maji ya ziwa, mtu mzima ayachote bila kuingia majini, yahifadhiwe kwenye pipa safi lisilo na konokono, lililofunikwa, yakae siku mbili kamili kabla ya kuyagusa. Vijidudu vya kichocho visivyopata mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo. Hayo bado si maji ya kunywa.

Maji ya mtaro, au ya mto unaokatiza mjini kama Mirongo, yasiguse mboga kabisa. Hubeba kinyesi, na kinyesi ndicho njia ya kipindupindu na homa ya matumbo. Maji uliyooshea mchele au mboga ni mazuri kwa kumwagilia.

Angalia pia maji yanayotuama. Kisahani chini ya ndoo, tairi kuukuu, kopo lisilo na tundu, vyote ni mazalia ya mbu, wakiwamo wanaoeneza homa ya dengi na kuuma mchana. Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Mwaga maji hayo kila baada ya siku chache. Na kwa kuwa tumetaja mbu: chandarua ni cha kitanda. Ukikitumia kuzuia kuku wasile mchicha, umewalinda mchicha dhidi ya kuku na umemwacha mtoto kwa malaria. Tumia viroba vilivyochanwa au matawi ya miiba.

Chombo nacho kina historia. Dumu la mafuta ya kula ni salama. Dumu lililobeba dawa ya kuua wadudu au kemikali halifai hata likioshwa mara kumi. Makopo ya rangi ya zamani nayo yaache, kwani baadhi ya rangi zina madini ya risasi. Ukimaliza kazi ya udongo, nawa mikono kwa sabuni, na watoto wavae viatu.

Mboga ikifika jikoni, ioshe kwa maji safi, ipike kwa muda mfupi na mafuta kidogo, maana vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Nyanya, au ndimu ukishaepua, husaidia mwili kupokea madini chuma. Chai ya rangi pamoja na mlo huyazuia. Dagaa kidogo juu yake ni bora zaidi. Kama unatumia warfarin, usiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla bila kumwambia daktari wako. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza, kwa sababu mboga nyingi zina potasiamu.

Kwa wahudumu wenzangu wa afya nina ombi. Tukishasema “kula mboga”, tuulize pia: “Unazipata wapi, na unazimwagilia maji gani?” Maswali hayo mawili huchukua dakika moja, na majibu yake huonyesha kama ushauri wetu utafika kwenye sahani ya mtoto. Nawe msomaji, kabla jua halijapanda kesho asubuhi, kaikague ndoo moja. Anza na hiyo.