Kifua cha mfagiaji, jina la tajiri

Jamani nyie mnaofagia huku mnakohoa, leo nawaleteeni ya kwenu. Ile mashine ya kufyonza vumbi iitwayo Hoover wala hakuibuni Hoover! Aliibuni James Spangler, mfagiaji wa duka kubwa mjini Canton, Marekani, mtu mwenye pumu. Vumbi lilikuwa linammaliza. Mwaka 1907 akaunganisha mota ya feni, boksi, mpini wa ufagio na foronya ya kukusanyia vumbi. Foronya, bwana! Hapo niliachwa hoi.

Haki ya uvumbuzi akapewa 1908, ila mtaji hana. Akamuuzia William Hoover, mtengenezaji wa vifaa vya ngozi vya farasi, ambaye magari yalishaanza kumharibia soko.

Spangler alifariki 1915. Waingereza hadi leo wakisafisha zulia wanasema "wanahuva". Sijasikia "anayespangla".