Waliochukua Miaka Mitano Wakaacha "Mara Moja"

Hapa Jabe, Bujumbura, kibarazani kwa muuza kahawa, hoja za 2015 za kutetea muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, rais wa Burundi wakati huo, bado zinarudiwa. Nanyi mmezisikia. Zipimeni pamoja nami, neno kwa neno.

Ya kwanza ndiyo nzito. Watetezi wake wanasema Ibara ya 96 ya katiba ya 2005 inamhusu rais anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi wote. Pierre Nkurunziza, Agosti 2005, alichaguliwa na Bunge na Seneti kwa Ibara ya 302. Basi, kwao, muhula ule hauhesabiwi. Nimezisoma ibara zote mbili, kalamu mkononi. Ya 96 imefunga mambo matatu katika sentensi moja: kura ya wananchi wote, muhula wa miaka mitano, na kurudiwa mara moja. Katika hayo matatu, ya 302 inabadilisha jambo moja tu, yaani nani anapiga kura. Haitaji urefu wa muhula. Sasa, kama ya 96 haikumgusa, ile miaka mitano ya kwanza aliipata wapi? Imo humo humo, imekaa bega kwa bega na "mara moja". Anayechukua moja amechukua na jingine.

Wanasema pia kwamba Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ni makubaliano ya wanasiasa, si sheria. Lakini Mahakama ya Katiba ile ile wanayoitegemea, iliyouruhusu muhula wa tatu, iliutambua, Mei 2015, kuwa msingi wa katiba. Na Mkataba hauulizi rais alichaguliwaje: unakataza mtu kushika urais zaidi ya mihula miwili. Kushika. Nani atakataa kwamba kati ya 2005 na 2010 aliushika?

Tena, kama katiba ilikuwa inaruhusu tangu mwanzo, kwa nini Machi 2014 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuibadilisha, ukaanguka kwa kura moja? Mlango ulio wazi hauvunjwi.

Linabaki lile la kwamba mahakama imeshaamua, basi yamekwisha. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, aliikimbia nchi bila kutia saini, akasema majaji walitishwa. Na 25 Novemba 2021, kitengo cha rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki, chenye makao Arusha, kilisema uamuzi ule ulivunja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.