Ramani za kompyuta: nafuu ni ya nani?

Mfanyabiashara wa Tanga anayejenga ghala au maduka Ngamiani huenda akaambiwa kwamba ramani ya kompyuta lazima iwe ghali. Hoja hiyo ipimwe.

Zamani mbunifu majengo alichora kwa wino. Ukihamisha mlango, alikwangua mistari kwa wembe. Ukiongeza ghorofa, alianza karatasi upya, na msaidizi wake alilipwa kwa siku zote hizo. Programu ya AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ilifupisha kazi ya marekebisho kutoka siku hadi saa. Mteja ana haki ya kudai fungu lake katika nafuu hiyo.

Asibane kupita kiasi, hata hivyo. Tangu 2016 kampuni ya Autodesk haiuzi leseni mpya za kudumu; mtumiaji hulipia kwa muda, tena kwa fedha za kigeni. Shilingi ikiteleza, mbunifu huumia sawa na mwagizaji wa vipuri.

Hatari kubwa iko kwenye kunakili. Ramani ya kiwanja kimoja huhamishiwa kingine kwa dakika, na mteja halipi senti pungufu. Pwani haisamehi mchezo huo: hewa ya chumvi ya Raskazone hula nondo zilizofunikwa kwa zege jembamba, na kompyuta haijui maji yako kina gani chini ya msingi wako. Punguza bei ya kuchora upya, usiguse malipo ya kukagua kiwanja. Na kabla ya kutoa malipo ya awali, hakikisha mtaalamu huyo amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.